Asante Tumeshasema, Sasa Tuongee Kuhusu Saa

Mwezi wa nane mwenzetu mmoja aliacha kazi ofisini. Hakufukuzwa. Mkataba wake haukuwa umeisha, na hakuwa amepata nafasi ya kwenda Canada wala Australia. Aliandika barua ya mistari minne, akarudisha beji, akatembea kwa miguu mpaka kwao Kakuma 3 saa nane mchana, jua likiwa kali vile mnalijua la huku kwetu Turkana. Na sisi marafiki zake ndio tulikuwa wa kwanza kumsema vibaya.

"Amepiga teke bahati yake." "Kwani alijiona nani?" "Kama alikuwa haitaki hiyo nafasi si angetuachia sisi." Hayo yote tuliyaandika kwenye grupu letu la wasapu usiku uleule, naye akiwa bado ndani ya grupu, anasoma. Hakujibu kitu. Siku tatu baadaye alitoka kwenye grupu bila kelele.

Tulimkosea. Tumeshaenda kwao kumwomba msamaha, tukanyweshwa chai, na ametukubalia tuandike habari hii mradi tusitaje jina lake wala ofisi. Kwa hiyo msitafute ni nani. Ofisi zinazofanana na ile ni nyingi, na dada kama yule ni wengi zaidi.

Kwa wenzetu mnaotusoma kutoka Nakivale, Nyarugusu na Dzaleka, tueleze kidogo. Wengi wetu hapa tunafanya kazi ya insentivu. Insentivu ni pesa ambayo mashirika humlipa mkimbizi anayefanya kazi kambini: mkalimani, mwalimu, msaidizi wa kesi, mhudumu wa afya, mtu wa kuingiza data kwenye kompyuta. Haiitwi mshahara. Kwenye karatasi nyingi tunaandikwa kama watu wa kujitolea. Mkenya anayekaa meza moja na sisi, kazi zetu zikifanana sana, hulipwa mara kadhaa zaidi, na hilo kila mtu analijua. Yeye mwenyewe analijua, na siku nyingine unaona linamtia aibu mwisho wa mwezi ukifika. Lakini leo hatutaki kuongea pesa. Pesa tumeziongea sana kwenye mikutano, na tutaziongea tena. Leo tunataka kuongea saa.

Tuanze na asante, juu ni ya kweli. Msituone hapa kama watu wasio na shukrani wanaotaka kupewa kila kitu. Tunakumbuka insentivu ya kwanza. Mmoja wetu alinunua godoro, la kwanza kulalia tangu atoke Uvira. Mwingine alimlipia mdogo wake sare na viatu. Kuna mama wa mwenzetu ambaye beji ya mtoto wake ilipolowa mvua aliianika kwenye kamba kama nguo, kisha akaweka kiti pale chini akailinda mpaka ikakauka, akiwaambia majirani wote wanaopita, "hii ni ya ofisi." Tulicheka sana siku ile. Lakini ukiwa umekaa kambini miaka kumi na mbili ukiitwa namba ya kadi ya mgao, halafu asubuhi moja mtu anakuita kwa jina lako na kukuuliza, "Wewe unaonaje hii kesi?", hapo kuna kitu kinasimama ndani yako. Hatutaki kurudi nyuma ya siku hiyo.

Na tangu mwaka 2025 asante yetu imeingiwa na hofu. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na sisi kambini tuliona matokeo kabla hatujaielewa habari yenyewe. Watu wa insentivu waliambiwa wasije Jumatatu. Miradi ilifungwa katikati. Mgao wa chakula ulipunguzwa mpaka mwezi wa tatu watu wakaingia barabarani kuandamana. Aliyebaki na kazi alikuwa anatembea polepole na kuongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebeba yai.

Saa zetu ziliongezeka hapo. Hakuna bosi mbaya aliyekaa usiku mmoja akapanga kututesa. Ofisi iliyokuwa na wasaidizi watano ikabaki na wawili, basi. Foleni ya watu nje haikupungua. Iliongezeka, maana mtu aliyekatwa chakula anakuja kuuliza kwa nini amekatwa, na mtu wa kumjibu ni yuleyule mmoja. Ripoti nazo hazikupungua. Hata tuliona kama zimezidi, maana dona anayetoa kidogo anataka kujua hicho kidogo kimeenda wapi, na anataka kujua kabla ya Jumatatu. (Huyo dona hatujawahi kumwona hata siku moja, lakini wikendi zetu anazijua vizuri.)

Sasa tuwaambie siku ya dada yetu ilikuwaje, vile alivyotusimulia tukinywa ile chai.

Anaamka saa kumi usiku. Bomba la upande wao hutoa maji saa chache tu asubuhi, na asiyekuwa kwenye foleni mapema huyakosa. Anaishi na wadogo zake wawili, wazazi hawapo. Saa moja na nusu anatoka, kwa miguu kama hana mia ya boda, na saa mbili anakuwa getini. Kuanzia hapo anasikiliza watu. Kazi yake ilikuwa kuandika malalamiko na kutafsiri: Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, yote yaende kwenye Kiingereza. Mama anasimulia alichofanyiwa njiani, naye anakisema kwa mdomo wake mwenyewe, kwa "mimi", juu mkalimani hufundishwa atafsiri hivyo. "Mimi walinishika. Mimi nilimwacha mtoto." Siku nzima. Saa kumi na moja jioni magari ya shirika yanarudisha wafanyakazi kwenye kompaundi, na kwa karatasi kazi imeisha.

Halafu inaanza ya pili. Data za siku lazima ziingizwe, na mchana hakukuwa na nafasi. Anakaa mpaka saa moja, saa mbili usiku. Akifika nyumbani simu inalia kwenye grupu la kazi: tafadhali tuma orodha, tafadhali hakikisha majina, kesho kuna wageni. Saa nne usiku wakati mwingine anapigiwa aende hospitali kutafsiri. Hiyo ya hospitali hakuwahi kuikataa, na anasema hata leo akipigiwa ataenda. Jumamosi kuna mikutano ya jamii, kwa sababu Jumamosi ndio watu wanapatikana. Jumapili baada ya kanisa anafua.

Siku ya mgao wa chakula aliomba ruhusa asubuhi akaambiwa kuna kazi nyingi, aende mchana. Mchana akaenda, foleni ikafungwa. Msichana anayefanya kazi kwenye ofisi ya misaada alikosa msaada juu alikuwa anasaidia. Alitusimulia hilo akicheka. Sisi hatukucheka sana.

Maji naye alianza kukosa. Akawa analipa mtu amchotee, kisha akalipa jirani awapikie wadogo zake. Mwisho akapiga hesabu kwenye daftari, akaona kwamba sehemu kubwa ya insentivu inaenda kulipa watu wafanye yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa anatoka kazini kwa wakati. Lakini hiyo siyo iliyomtoa. Iliyomtoa ni kwamba mdogo wake wa kiume, wa miaka minane, alimuuliza siku moja kama yeye ni mgeni. Yaani alimwona akifika usiku na kutoka alfajiri, akadhani anakujaga kulala tu.

Alipoondoka, sita kati yetu tuliamua kuandika saa zetu kwa mwezi mmoja, kila mtu kwenye daftari lake, bila kuongeza chumvi. Wa chini kabisa alikuwa na wastani wa saa 53 kwa wiki. Wa juu alikuwa na 67. Na hapo hatukuhesabu kubishiwa hodi.

Hodi ndio jambo ambalo wafanyakazi wa misaada wanaotusoma pengine hawalijui vizuri, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Mfanyakazi wa shirika akitoka kazini anaingia kwenye kompaundi yenye geti na mlinzi. Mkimbizi hawezi kumfuata pale usiku kumuuliza kesi yake imefika wapi. Sisi tukitoka kazini tunarudi mtaani, na watu tuliowaandika mchana ndio majirani zetu. Mlango wetu ni wa bati, na hauna mlinzi. Saa tatu usiku: "Hodi, mwanangu." Ni papa mmoja ambaye jina lake limetoka kwenye orodha ya chakula. Unamjua, alikuwa rafiki wa baba yako huko Fizi. Utamwambiaje, "Papa, rudi kesho saa mbili ofisini"? Unamkaribisha, unamkalisha, unamsikiliza, unasema "pole sana papa, nitauliza." Anakwambia, "Aksanti mwanangu, Mungu akubariki," na anatoka akiamini kwamba wewe una uwezo. Huna. Ulichonacho ni beji. Kesho kutwa jina lisiporudi, ni wewe anayekutazama vibaya bombani, siyo meneja wa programu.

Hizo saa haziandikwi popote. Tumeangalia fomu ya mahudhurio, haina safu ya papa wa saa tatu usiku.

Wengine watasema, mbona hamsemi ofisini? Si muongee tu? Na nyumbani mbona hamlalamiki?

Nyumbani haiwezekani. Mama wa mmoja wetu aliuza kuni kwa miaka, akizifuata mbali kwenye jua hili. Kijana wake alipomwambia amechoka, alimtazama kweli akiwa haelewi. "Mwanangu, wewe unakaa kwenye kivuli siku nzima, unachoka nini?" Huwezi kumjibu mama hivyo ukashinda. Pembeni yake amekaa kaka yako mkubwa ambaye hana kazi tangu mradi wake ufungwe, anakula chakula ulichonunua wewe. Ukisema "nimechoka" mbele yake ni kama kumtukana.

Ofisini nako kuna sentensi moja ambayo wote tunaijua. Haisemwi kwa hasira, husemwa kwa upole, wakati mwingine hata kwa kicheko: "Mnajua kuna watu mia moja pale nje wanaoitaka nafasi hii." Ni kweli wapo. Tunawajua kwa majina, tumelala nao chumba kimoja. Lakini watu kuwa wengi getini kunamaanisha kazi ni chache kambini. Hakuhusiani na mtu mmoja afanye kazi mpaka saa ngapi. Hayo ni mambo mawili, na yanachanganywa makusudi kila mtu anapoomba kwenda nyumbani.

Na tuseme ukweli wetu wote, maana tumeahidi kutojipendelea. Siyo kila saa tunayokaa ofisini jioni tunakuwa tumelazimishwa. Ofisini kuna feni. Kuna umeme wa kuchajia simu, kuna maji ya kunywa yaliyo baridi, kuna intaneti ambayo haikatwi ukishusha faili. Wawili kati yetu wanasoma chuo kwa njia ya mtandao, na kazi zao za shule wanazifanya palepale saa kumi na mbili jioni, kwa kompyuta ya shirika. Supavaiza wao anajua na amenyamaza, Mungu ambariki. Basi hapo mambo yanachanganyika. Yeye anakuachia kompyuta, wewe huwezi kumkatalia akikuomba umalizie jedwali. Jedwali linakuwa matatu. Shule inabaki. Mwezi wa sita mmoja wao alikosa mtihani kwa sababu ya ripoti, na hakuweza kumlaumu mtu, kwa maana bila ile ofisi asingekuwa na mtihani wa kukosa.

Hapo ndipo shukrani inatufunga. Ukipewa kitu kizuri kweli, unashindwa kusema kipi ndani yake kinakuumiza.

Tulikuwa tunadhani pia kwamba hatuna haki yoyote ya kuuliza. Kumbe ipo, na inasikitisha kwamba sisi tunaoingiza data za "haki za wakimbizi" kila siku tuliijua kwa kuchelewa. Tutaongea sheria kidogo, vumilieni. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, una kifungu cha 24. Watu wengi wanajua vile vifungu vya kutorudishwa kwa nguvu na vya hati za kusafiria, hiki hawakifiki. Kinasema kwamba mkimbizi anayeishi nchini kihalali atendewe sawa na raia katika mambo ya kazi, na kinayataja: malipo, saa za kazi, mpango wa saa za ziada, likizo yenye malipo. Yaani watu waliokaa Geneva miaka sita baada ya vita vikuu walikumbuka kuandika saa za ziada. Hawakuandika kwamba mkimbizi ashukuru kwanza.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Amri ya jumla ya mishahara inaweka wiki ya kawaida isiyozidi saa 52 ndani ya siku sita, na ukizidi hapo ni malipo ya ziada. Uganda sheria yao inasema saa 48. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 nayo inamtambua mkimbizi kama mtu anayeweza kufanya kazi ya kipato. Tunajua jibu litakalokuja: ninyi siyo waajiriwa, ni wa kujitolea, hiyo sheria haiwahusu. Sawa. Lakini mtu wa kujitolea ndiye anayejua mwenyewe ataondoka saa ngapi, ama siyo? Hatuwezi kuwa wa kujitolea wakati wa kulipwa, halafu tukawa waajiriwa wakati wa kufunga mlango.

Wazee wetu wana ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, kwa hiyo siku ya tatu ilipita zamani. Jembe tulipewa, tukalipokea kwa mikono miwili, tena wengi wetu tulililia. Ila hata mwenye shamba, jua likishuka, huwaita watu waje wale.

Tusiwaonee wafanyakazi wa mashirika. Wengi wao wako mbali na watoto wao, mikataba yao nayo ni ya miezi, na tumewaona wakiwa na macho mekundu mbele ya kompyuta usiku. Bosi wa dada yetu alilia siku alipopokea ile barua. Tofauti ni kwamba yeye kila baada ya wiki kadhaa ana mapumziko, anapanda ndege au basi anaenda kwao, na anaporudi uso umerudi. Sisi hatuna kwa kwenda. Hata kwenda Lodwar tunahitaji karatasi ya ruhusa. Likizo yetu tukipewa tunaimalizia palepale, mita mia tatu kutoka ofisini, na hodi zinaendelea. Na walinzi wa geti, ambao wengine ni wenyeji Waturkana, wanasimama zamu ya saa 12 na hakuna anayewaandikia makala. Tulipowaonyesha madaftari yetu mmoja alisema, "Ninyi angalau mnakaa." Tuliinamisha vichwa.

Kwa hiyo tunaomba nini? Tumebishana sana juu ya hili, na mpaka sasa hatukubaliani yote. Mmoja wetu anataka tugome. Mwingine anasema hata kuandika haya ni hatari, na ameomba awe wa mwisho kuhesabiwa kati ya "sisi". Tunamheshimu. Tulichokubaliana ni kidogo.

Saa ziandikwe kwenye karatasi ile ya kujitolea, ya kuingia na ya kutoka, maana sasa imeandikwa siku tu. Anayeitwa Jumamosi apewe siku nyingine katikati ya wiki, na ajulishwe ni ipi kabla ya hiyo Jumamosi, siyo "tutaangalia." Siku ya mgao wa chakula mtu aachiwe asubuhi bila kuomba kama vile anaomba mkopo. Grupu la kazi lilale saa kumi na mbili jioni, isipokuwa kuna mgonjwa, moto, mafuriko ya laga, au wageni wapya wamefika usiku. Kwa hayo tuiteni wakati wowote, tutakuja na ndala miguuni. Orodha ya washiriki wa semina ya mwezi ujao siyo mafuriko.

Na kuhusu hodi, ofisi inaweza kusaidia kwa jambo dogo kabisa: waambieni watu kwenye mikutano, kwa mdomo wa meneja siyo wa mkalimani, kwamba msaidizi wa insentivu hana mamlaka ya kurudisha jina kwenye orodha. Semeni kwa Kiswahili, semeni kwa Kirundi. Mkisema ninyi, papa atatuonea huruma. Tukisema sisi, anadhani tunajitetea.

Sisi wenyewe pia tuna letu la kufanya. Tumekubaliana kwamba mwenzetu akisema amechoka, hakuna tena kumjibu "shukuru una kazi." Ni ngumu kuliko tulivyodhani. Wiki iliyopita tu mtu aliandika kwenye grupu kwamba anafikiria kupunguza siku, na vidole vya wengi wetu vilikuwa vimeshaanza kuandika ile sentensi. Tumekubaliana pia kuendelea na madaftari. Kama kuna wenzetu wa Nakivale na Nyarugusu wanaofanya kazi hizi, andikeni na ninyi kwa mwezi mmoja, kisha mtuambie mmepata ngapi. Tungependa kujua kama ni sisi tu.

Nafasi ya dada yetu ilijazwa ndani ya siku nne. Aliyeipata ni mmoja wetu, yuleyule aliyeandika kwamba amepiga teke bahati yake. Tulimpeleka kwa Mhabeshi kumnunulia soda na injera, tukafurahi kweli, na dada mwenyewe alikuja. Amerudi kwenye grupu sasa. Anashona nguo na jirani yake, pesa ni kidogo na hajui kama itatosha mwezi wa kumi na mbili ukifika. Mdogo wake anamfundisha kuchora magari.

Barua yetu ya kwenda ofisini iko tayari, ina majina saba chini yake. Tutaipeleka Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na watatu kati ya hao saba wameshapigiwa simu waje kesho asubuhi.